Kurasa Kumi na Nne za Delfor Bisgaard

Delfor Bisgaard, mtunza maktaba ya nota wa Jumba la Opera la Aldecoa, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita, miezi saba na siku ishirini na tano. Aliajiriwa Jumatatu tarehe 3 Aprili 1989. Katika muda wote huo alikosa kazi siku tisa tu, na siku nne kati ya hizo alikuwa amelazwa kwa nimonia.

Barua yake ya kuagwa inasema anastaafu kwa hiari. Si kweli. Alikuwa amebakiza miaka miwili ya kazi. Anaondolewa kwa sababu ya kurasa kumi na nne za opera. Ofisi iliniletea mimi, mhudumu wa okestra, karatasi ya mwongozo wa wasifu huu: maneno mia nne, lugha ya uchangamfu, na "matukio ya Oktoba yasiguswe". Uchangamfu upo, maana mtu huyu alituchekesha sana. Matukio ya Oktoba nayo yapo, kwa tarehe zake, na ndiyo maana mnasoma karatasi iliyotoka kwenye mashine ya chama cha wafanyakazi badala ya ile ya ofisi.

Delfor alizaliwa mji wa Tres Arroyos katika ukoo wa wakulima waliotoka Denmark, na kwa sababu hiyo okestra nzima inamwita Mdenmark, ingawa Denmark yenyewe hajaikanyaga. Alikuja hapa Bahía Blanca na klarineti yake akitaka kuingia okestra. Alijaribiwa mara mbili mwaka 1988, akashindwa mara mbili. Mara ya pili mwenyekiti wa jopo alimwambia: "Kijana, macho yako yanapiga vizuri kuliko vidole vyako." Alikuwa ameona makosa matatu ya uchapishaji katika ukurasa aliopewa asome. Miezi michache baadaye akapewa ufunguo wa maktaba.

Wageni katika kazi yetu hudhani kutunza nota ni kupanga vitabu kwenye rafu. Kila mpiga ala ana kitabu chake, na wakati wa mazoezi hukiandika: hapa polepole, hapa mtazame kiongozi wa okestra, hapa usipumue. Onyesho likiisha, vitabu hurudi maktaba, na mtunzaji hufuta kila alama, ukurasa kwa ukurasa, ili atakayekuja baadaye akute nota kama zilivyotungwa. Kisha hutia tarehe na herufi za jina lake kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya jalada. Vitabu vingi si vyetu, tunavikodi. Kwa hiyo Delfor alikuwa na sheria moja, aliyoiandika mlangoni kwa herufi kubwa: PENSELI LAINI TU. WINO UBAKI NJE PAMOJA NA MBWA.

Mwaka 1996 mpiga fidla mmoja alitumia kalamu ya wino. Delfor hakumshtaki kwa mtu. Alimkalisha maktaba siku tatu akaunakili ukurasa ule kwa mkono, huku yeye akimpikia chai ya majani ya yerba na kumsimulia jinsi nyuki wa baba yake walivyokuwa na nidhamu kuliko safu ya fidla za kwanza. Mpiga fidla huyo sasa ni mkuu wa safu yake, na anatembea na penseli tatu mfukoni.

Kabla ya kufuta, alikuwa akinakili daftarini maandishi yaliyomfurahisha. Anayo madaftari kumi na mawili. Mpiga tromboni wa mji mwingine, mwaka usiojulikana, akihesabu paa, yaani vipimo vya nota, kabla ya zamu yake: "Paa sabini na mbili za kungoja. Nimemaliza chemshabongo ya gazeti." Mpiga selo: "Mke wa kiongozi yuko mstari wa pili. Msicheke." Na mmoja aliyeandika kwa herufi ndogo sana, katika opera ambayo mwanamke hufa kwa kifua kikuu kwa muda wa dakika ishirini: "Mama, kufa basi, basi langu linaondoka."

Mafuriko ya tarehe 7 Machi mwaka huu yalipoingia orofa ya chini, ilipo maktaba, Delfor alikuwa ameshafika kazini. Alipandisha masanduku mia tatu na kumi ya nota kwa ngazi, yeye na mume wake Rolando, mpaka maji yakawafika kiunoni. Tulipoweza kuvuka mtaa na kuja kusaidia, tuliwakuta wameketi juu ya piano, wamelowa chapachapa, wakibishana nani kasahau sanduku la nota za ngoma. Hakuna kitabu kilichopotea. Tarehe 23 Mei Wakfu wa Aldecoa, unaoendesha jumba hili, ulimpa bamba la shaba lililoandikwa "Mlinzi wa Hazina Yetu". Mwenyekiti wa Wakfu, Bwana Etchepare, alimkumbatia mbele ya kamera. Miezi mitano baadaye mwenyekiti huyohuyo alimwita mwizi.

Nimemtaja Rolando Pagnutti, na lazima nieleze. Rolando aliimba sauti ya chini katika kwaya yetu tangu mwaka 1985 hadi 2014. Yeye na Delfor walianza kuishi pamoja mwaka 1991, mtaa wa Zelarrayán, juu ya duka la mchongaji funguo. Kila mtu alijua, na kila mtu alisema "binamu". Binamu hajambo? Mwambie binamu mazoezi ni saa tisa. Tulijiona waungwana. Tarehe 16 Juni 2003 Rolando alipasuliwa moyo. Delfor aliomba ruhusa ya siku tano, na karani wa ofisi akamrudishia fomu na kumwambia: "Kwa binamu ni siku moja, Delfor. Mimi sikuitunga sheria." Delfor akachukua siku yake moja, na ya pili akawa hapa akifuta nota. Hakuna aliyegonga meza kupinga. Kuanzia mwaka 2010 sheria ya nchi ikawaruhusu kuoana, wakaoana Machi 2011, na jarida la wafanyakazi likachapisha "pongezi kwa Bwana Bisgaard kwa sherehe yake ya kifamilia". Nimelihifadhi toleo hilo. Sherehe ya kifamilia, kana kwamba alikuwa amebatiza mtoto.

Sasa tuje kwenye opera.

Jina lake ni *Mizani*. Mtunzi wake, Fermín Astrada, ana miaka thelathini na minne, ni mwenyeji wa mji jirani wa Punta Alta, na yeye mwenyewe ndiye aliyeongoza okestra. Hadithi yake inatokea katika bandari ya Ingeniero White mwaka 1977, chini ya utawala wa wanajeshi. Mpima nafaka na dereva wa lori, wanaume wawili, wanapendana. Katika sehemu ya pili, malori yakiwa yameondoka, wawili hao wanavua viatu na kusimama pamoja juu ya mizani ya malori ili wajue wana uzito gani wakiwa wawili. Mizani imetengenezwa kupima tani, sindano haisogei. Wanaimba dakika kumi na moja. "Angalia, hatuna uzito," anasema mmoja. "Basi hakuna atakayetuona," anajibu mwenzake, na wanabusiana. Hizo ndizo kurasa kumi na nne. Kila kinachofuata, kukamatwa kwa dereva na upweke wa mpima nafaka, hakina maana bila hizo.

Mazoezi yalianza tarehe 25 Agosti. Kwa wiki sita hakuna aliyelalamika. Jumatatu tarehe 6 Oktoba, siku sita kabla ya onyesho la kwanza, Bwana Etchepare alishuka kwenye mazoezi akifuatana na mratibu wetu, Bi Marisel Onetto, akaomba dakika tano.

"Mimi binafsi sina neno na watu hao," alisema. "Nina mpwa wangu wa namna hiyo, Krismasi anakaa meza moja na sisi. Lakini jumba hili lina wateja wa tiketi za msimu, watu wazima, watu wa heshima. Kila jambo lina mahali pake. Wimbo ule wa mizani utarukwa. Hadithi itaeleweka tu."

Lito Cancelliere, mpiga tromboni wetu wa kwanza, akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, Bwana Mwenyekiti. Mwaka huu, humu humu, tumemchoma kisu mchumba, tumemnyonga mke, na mwezi wa Julai tumemzika binti akiwa hai. Hao watu wa heshima walikula empanada wakati wa mapumziko, wakarudi kutazama maiti ya pili. Hawa wawili wamemuua nani?"

Tulicheka. Bwana Etchepare naye alicheka kidogo, akasema Lito ni mchekeshaji, kisha akamgeukia Fermín: ama wimbo urukwe, ama opera isioneshwe. Fermín alikubali. Asilaumiwe kwa hilo. Alikuwa ameifanyia kazi opera hiyo miaka mitano, na waimbaji kumi na wawili walikuwa wanaitegemea. Wa kulaumiwa ni sisi, watu hamsini na wanane wenye ala mikononi na chama nyuma yetu, tuliocheka utani wa Lito kisha tukafungua ukurasa uliofuata.

Alasiri hiyo Fermín alikwenda maktaba. Nilikuwa hapo nikichukua vitabu.

"Mzee Delfor, weka hizo alama za kuruka wimbo. Fanya haraka, kama kung'oa jino."

"Jino hung'olewa likioza, bwana mdogo. Hili lako limeoza wapi?"

"Usinitese."

"Sikutesi. Nauliza kama daktari. Keti kwanza, umekuwa mweupe kama karatasi."

Fermín aliketi na kulia. Delfor alimpa chai na mkate wa jibini, kisha akachukua penseli. Katika kazi yetu sehemu isiyopigwa haiondolewi. Mwanzo wake huwekewa alama ya penseli, mwisho wake vivyo hivyo, na kurasa za katikati hufungwa kwa ukanda mwembamba wa karatasi ili mpigaji azipite. Delfor alifanya hivyo katika vitabu vyote hamsini na vinane na kile cha kiongozi.

Bi Onetto alikuja kukagua asubuhi ya Jumatano. Hakuridhika.

"Hivi vikanda vinafunguka. Weka gundi."

"Gundi haiingii humu, binti yangu."

"Mimi si binti yako. Mimi ni mratibu."

"Basi, Bi Mratibu, gundi haiingii humu. Vitabu ni vya kukodi. Soma mlangoni."

"Mlangoni pameandikwa wino."

"Gundi ni ndugu yake wino."

Alikagua kitabu cha kiongozi na cha fidla ya kwanza, akaviona vimefungwa, akaondoka akiandika kwenye simu. Alijua mengi kuhusu wafadhili. Hakujua kwamba katika nyumba hii, tangu enzi za mtunzaji aliyemtangulia Delfor, vitabu hurudi maktaba baada ya mazoezi ya mwisho ili vikaguliwe na alama zisizohitajika zifutwe, na husambazwa upya siku ya onyesho.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa Ijumaa tarehe 10. Opera ilipigwa bila wimbo wa mizani, na ilikuwa kama chumba kilichoondolewa ukuta. Baadaye nilikusanya vitabu, nikavipeleka maktaba. Jumamosi Delfor alishinda humo, dirisha wazi, redio ya mpira ikilia. Nilipopita adhuhuri kumsalimia, alikuwa na raba mkononi na vumbi lake limejaa mapajani. Nilidhani ni usafi wa kawaida. Hakuniambia kitu. Baadaye nilielewa kwamba alifanya hivyo kwa makusudi: alitaka mimi, nitakayepanga vitabu kwenye stendi, nisiwe na la kujua.

Jumapili tarehe 12 Oktoba, saa kumi na mbili jioni, ukumbi ulijaa, viti mia saba na arobaini. Sehemu ya pili ilipofika kwenye mizani, Fermín alifungua ukurasa. Ukanda haukuwepo, wala alama ya penseli. Nilikuwa pembeni mwa shimo la okestra, nikauona mkono wake ukisita hewani, kisha ukashuka. Wapigaji walikuwa wameshafungua kurasa zao, na kurasa zilikuwa safi. Mpiga ala hupiga kilicho mbele yake. Tumefunzwa hivyo tangu utotoni, na mikono haingoji ruhusa. Selo zikaanza. Jukwaani, wale waimbaji wawili waliokuwa wanajiandaa kutoka wakasimama. Wakatazamana. Yule anayeimba nafasi ya dereva akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Sitaeleza zaidi ya hapo, ila kwamba waliimba dakika zote kumi na moja. Watu kumi na mmoja walitoka. Niliwahesabu. Wengine mia saba na ishirini na tisa walibaki. Rolando alikuwa ghorofani, mstari wa tatu, katika koti lake la harusi. Delfor hakuwa ukumbini. Alikuwa maktaba, mlango wazi, akisikiliza kupitia spika ndogo ya kuitia waimbaji.

Asubuhi yake maonyesho matatu yaliyobaki yalifutwa kwa "hitilafu ya umeme". Taa za ofisi ziliwaka siku nzima.

Kuanzia tarehe 14 hadi 17 tuliitwa mmoja mmoja mbele ya Bwana Etchepare, Bi Onetto na wakili. Swali lilikuwa moja: ulijua? Jibu lilikuwa moja: nilipiga kilichokuwa mbele yangu. Watu hamsini na wanane, jibu moja. Fermín naye, waimbaji nao. Lilikuwa jibu la kweli, na lilituokoa wote isipokuwa mmoja, kwa sababu ndani ya kila jalada, chini ya tarehe 11 Oktoba, palikuwa na herufi D.B. Alikuwa ametia sahihi yake mara hamsini na tisa. Angeweza kuacha wazi. Alitia sahihi ili swali lisipate mtu mwingine wa kumwangukia.

Nilimpeleka maji wakati wa kuhojiwa kwake, na mlango haukufungwa vizuri.

"Nani alikusaidia?" aliuliza wakili.

"Raba mbili. Ya kwanza iliisha kwenye fidla za pili."

"Unaona ni mzaha? Umeliibia jumba hili usiku wake wa onyesho!" alisema Bwana Etchepare.

"Sijachukua kitu, Bwana Mwenyekiti. Nilikuta vitabu vimeandikwa, nikavifuta. Ndiyo kazi mliyoniajiri."

"Kwa nini ulifanya hivi? Baada ya yote tuliyokufanyia?"

Delfor alijibu: "Mimi nimerukwa miaka mingi, na nilinyamaza. Nota za watu wengine siwezi kuzinyamazia."

Walimpa barua mbili achague: kustaafu kwa hiari, au kufukuzwa. Alichagua ya kwanza kwa sababu ya bima ya matibabu, ambayo humhudumia Rolando pia. Kwa zaidi ya mwezi tulipita mbele ya mlango wake tukimwambia pole, Mdenmark, pole sana, kisha tukaenda kupiga valsi za matamasha ya shule.

Aliyetuvunja ni Lito. Tarehe 18 Novemba, kabla ya mazoezi, alisimama bila tromboni. Safari hii hakutania. "Paa ya kwanza nilipiga bila kujua," alisema. "Ya pili nilijua. Zilikuwa paa mia mbili na sita. Ningeweza kuweka ala chini kwenye yoyote kati yake, na sikutaka. Nilimwambia wakili nusu ya ukweli, na kwa nusu niliyoificha mtu anafukuzwa. Mke wangu haniangalii mezani."

Barua iliandikwa siku iliyofuata, ikapelekwa kwa Wakfu ikiwa na sahihi arobaini na mbili, pamoja na ya Fermín. Inasema: tulijua, tulitaka, tulipiga, kama ni kosa, ni la wote. Wenzetu kumi na saba hawakutia sahihi. Wengine wana watoto wadogo, wengine wana woga tu, na wawili walisema waziwazi kwamba wimbo ule haukuwafurahisha. Sitawataja majina, ila wajue sisi tunayajua. Wakfu haujajibu. Delfor bado anaondoka.

Na yeye aliposikia, mnadhani alishukuru? Alitoka maktaba akipiga kelele mpaka walinzi wakaja.

"Wapumbavu nyinyi! Nimekaa siku nzima nafuta ili msihusike, nanyi mnajiandika wenyewe! Tena kwa wino!"

"Tulikosa penseli, mzee," alisema Lito.

Delfor akaomba barua aisome, akaisoma hadi mwisho, sahihi moja baada ya nyingine, akituambia nani ana mwandiko mbaya. Alipofika kwenye sahihi ya mpiga fidla aliyenakili ukurasa kwa mkono mwaka 1996, aliketi kwenye ngazi.

Wiki hii vitabu hamsini na tisa vya *Mizani* vimetumwa Montevideo, ambako opera itaoneshwa mwezi Aprili. Bi Onetto aliagiza vitumwe "kama vilivyopangwa na Wakfu", maana yake vikiwa na alama za kuruka. Delfor alivifunga mwenyewe kwenye masanduku. Mimi nilishika uzi. Havina alama yoyote.

Delfor, tunakushukuru kwa miaka thelathini na sita ya kurasa safi. Tunakushukuru kwa masanduku ya mafuriko, kwa chai, kwa matusi ya siku ya barua. Tunakuomba radhi kwa siku moja ya mwaka 2003, kwa neno "binamu", na kwa wiki tano tulizokuacha usimame peke yako. Hatutaki kukuaga kwa kusema kila kitu kimesamehewa, kwa sababu hakijasamehewa, na sisi tunaobaki tuna kazi ya kufanya humu ndani. Wewe nenda nyumbani. Rolando ameshanunua tiketi mbili za basi na feri ya kwenda Montevideo. Kaeni mstari wa mbele, muwe na afya njema, na mtu akiwauliza pale mlangoni mnahusiana vipi, mjibuni kwa sauti ya kufika ghorofani.

Nélida Quiñihual
Mhudumu wa okestra, kwa niaba ya waliotia sahihi